Wosia wa Kwanza

Yule mama alikaribishwa kiti, hakukaa. Alisimama mbele ya ukuta wa ofisi akavisoma vyeti vya wakili kimoja baada ya kingine, kidole kikifuata mstari, kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kukilipia.

"Nimekuja kuandika wosia," alisema bila kugeuka. "Lakini kwanza nijue ninaandikiwa na nani."

Wakili alicheka. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mteja amuulize swali hilo. Alimjibu hata hivyo: shahada ya sheria, kisha miaka minne katika idara ya kodi, "mahali ambapo hata mama mzazi anakuona adui." Baada ya hapo ofisi hii, wosia na mirathi tu, mwaka wa thelathini na moja sasa.

"Na wosia wako wa kwanza kabisa ulikuwa wa nani?"

"Ya wateja hayatoki humu ndani, mama."

"Huo ulitoka. Ulisomwa mbele ya ukoo mzima." Hapo ndipo alipogeuka. "'Binti yangu mdogo simwachii hata kijiko, naye anajua sababu.'"

Wakili aliikumbuka sentensi hiyo. Ilikuwa hivyohivyo, neno kwa neno.

Mchana ule hakuwa ameusahau. Fundi seremala mzee, kiharusi kimemlaza, ulimi mzito kama gogo. Muuguzi mwenye barakoa alimwinamia, akatega sikio mdomoni mwake, kisha akamwambia wakili alichosema mzee. Mzee anakoroma, muuguzi anaeleza, wakili anaandika. Nyumba na karakana, vyote kwa binti mkubwa, ambaye wakili aliambiwa yuko safarini. Ilipofika sentensi ile ya kijiko, mzee alianza kulia. Wakili, kijana aliyetoka idara ya kodi juzi, alitazama saa yake. Mteja mwingine alikuwa anamsubiri. Akamshika mzee kidole gumba, akakipaka wino, akakigandamiza kwenye karatasi.

Wiki tatu baadaye mzee akazikwa. Kisha zikaanza kuja barua. Binti mdogo aliandika mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. *Baba alisema nini hasa? Nilimkosea nini?* Wakili alizisoma zote. Hakujibu hata moja. Angejibu nini, na yeye mwenyewe hakuuliza?

Sasa alimtazama mama huyu: viatu vimelika upande mmoja, mkoba umepauka. Maisha yalikuwa yamempiga, na wakili alijua fimbo ya kwanza ilitoka wapi. Aliinuka, akaizunguka meza, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Barua zako nilizipata," alisema. "Zote tatu. Sikujibu kwa sababu niliona haya. Baba yako alilia siku ile, nikajifanya sikuona. Sikumwomba hata mara moja atikise kichwa, kukubali au kukataa. Sidhani kama ulimkosea chochote, dada yangu. Tangu siku hiyo nimeandika wosia mia kadhaa, na kila nikimshika mtu kidole, namwona yeye."

Mama alikuwa ameinamisha uso. Mabega yalimtikisika.

"Uliwahi kumwambia mtu?" aliuliza.

"Sijawahi. Kama unataka twende mahakamani, nitasimama niyaseme haya haya. Wakininyang'anya leseni, basi. Nisamehe."

Alimpa kitambaa chake cha mfukoni. Mama hakukipokea. Aliketi hatimaye, taratibu, kama mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali.

"Barua zile ni za mdogo wangu," alisema. "Siku ile mimi ndiye niliyevaa barakoa."