Bibi wa Ngazini

Jumapili mchana, joto la kukaangia yai, mama mkwe akaomba blanketi. Tena lile zito.

"Una homa, Mama?" fundi friji akauliza.

"Homa ya nini? Nifunike gubigubi, mimi na hicho kidude chako cha kurekodia. Chumba chenyewe kinavuma kama debe tupu."

Fundi akamfunika. Nani ana ubavu wa kubishana na mama mkwe? Kwenye kiti ikabaki nundu inayopumua, na waya umetokeza kama mkia wa panya. Mkewe, aliyekuwa anapiga pasi, alitazama mara moja akageukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Fundi hakucheka. Alikuwa hoi bin taaban. Miaka miwili sasa, akitoka kutengeneza mafriji ya watu, alikuwa anajifunza kutengeneza gemu kwa masomo ya bure ya mtandaoni, kwa mwalimu anayeongea kama anafukuzwa. Mwezi wa kwanza mtu wake akitembea hatua mbili anazama sakafuni. Mwezi wa sita akajua kupanda ngazi, ila kinyumenyume.

Na wazo lenyewe halikuwa lake. Gemu yake ilikuwa nyongeza ya gemu ya zamani aliyoipenda tangu ujana, "Ngazi Elfu". Unapanda jengo refu ajabu, na kila ukiishiwa nguvu unamkuta bibi ameketi ngazini. Anakwambia: "Umechoka sana? Basi keti. Ngazi hazihami." Unapumua, nguvu zinarudi, unaendelea. Mashabiki walimpenda bibi yule kuliko gemu yenyewe.

Kampuni yenye gemu iliwaruhusu mashabiki watengeneze za kwao kwa sharti moja: picha zako, sauti zako. Ukigusa cha kwao, unafutwa. Kwa hiyo fundi alihitaji bibi mwingine. Yule wa kwanza hata angetaka kumwomba, angemtafuta wapi? Mwisho wa gemu majina yalipita yote, mpaka la aliyechora vitasa vya milango. La bibi halikuwemo.

Alishamjaribu jirani, akasoma kama anatangaza msiba. Akamjaribu mkewe, akacheka mpaka akalia. Akabaki mama mkwe, aliyehamia kwao mwaka jana baada ya magoti kumgomea. Miaka thelathini alizipigia deki ofisi za watu. Kila mara fundi alipofungua ile gemu ya zamani, mama mkwe aliinuka na kiti chake akaenda kukaa nje. "Makelele," alisema.

Muda nao ulikuwa umekwisha. Kompyuta ilikuwa imeikalia meza ya chakula miaka miwili, na familia inakula sahani zikiwa mapajani.

"Mwisho wa mwezi," mkewe alikuwa ameshasema, "ama gemu imetoka na inachezwa, ama meza yangu inarudi. Chuo uliacha mwaka wa mwisho. Ukuta wa bafu uliacha katikati. Nionyeshe kitu kimoja ulichomaliza."

"Harusi nilimaliza."

"Harusi nilimaliza mimi. Wewe ulisinzia."

Sasa nundu ikasema: "Niseme mara ngapi?"

"Moja tu inatosha, Mama. Karatasi hii hapa."

"Humu giza tupu, karatasi ya nini? Nitakupa tatu. Ya huruma, ya kukaripia, na ya mtu aliyechoka mwenyewe. Utachagua."

Akasema mara tatu. Meno mawili ya mbele yalishamtoka, kila "s" ikatoka na upepo wake. Fundi akachukua ile ya tatu. Hakujua kwa nini, ila alipoisikia alitaka kuketi.

Jumatano gemu ikatoka. Mpaka jioni watu mia tatu walikuwa wameicheza. Ngazi walizisifu. Bibi, wakamrarua.

"Huyu umemwokota wapi? Hafanani hata chembe," fundi akasoma kwa sauti. "Mwingine huyu: anajitahidi, lakini bibi wetu hakuwa anapuliza filimbi. Pole, Mama."

Mama mkwe alikuwa anashona kifungo cha shati. "Wana haki yao," akasema. "Watu wanazeeka."

Ijumaa, sahani zikiwa mapajani, kompyuta ikalia. Fundi akainuka akasoma. Akakaa. Akasoma tena.

"Wameifuta."

"Nani?" mkewe akauliza.

"Kampuni. Miaka miwili yote, wameifuta. Eti nimeiba sauti yao."

"Umeiba?"

"Naiba vipi? Si ulikuwepo? Si ulicheka mpaka ukaunguza shati langu?"

Mkewe aliweka sahani chini, akaenda kuanza kuchomoa waya, mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa viatu. Fundi hakumzuia. Hakuwa na nguvu hata ya kununa.

"Wamesemaje hasa?" mama mkwe akauliza.

"Waache tu, Mama."

"Nisomee, baba."

Fundi akasoma neno kwa neno: "Mtambo wetu umetambua sauti yetu ya asili ndani ya gemu yako. Ulinganifu ni asilimia tisini na tisa." Akapiga meza. "Tisini na tisa! Mashabiki wanasema hafanani, mtambo unasema ni yuleyule! Huo mtambo una akili kweli?"

Mama mkwe alifunga fundo, akakata uzi kwa meno ya pembeni, akalinyoosha shati mapajani.

"Hiyo moja iliyopungua ni ya meno, baba," akasema. "Siku waliponiambia niweke ufagio chini niseme, nilikuwa nayo yote."