Nukta ya Vasumati

Wallahi haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi, chukueni kofia yangu.

Katika mji mmoja wa Bara Hindi, Vasumati alikokotoa vumbini siku zilizobaki kabla ya jua kupatwa. Akaandika moja, nukta, nane: mia na nane. Nukta ilishika nafasi ya kitu kisichokuwepo. Mkuu wa wanahisabati akaifuta kwa kidole cha mguu, akatangaza kumi na nane kwa jina la Vasumati.

Siku ya kumi na nane umati ulifurika uwanjani, na jua likawaka vilevile.

“Haya, bibi mnajimu, jua lako limegoma!” mkuu akamcheka. “Kiri umekosea, au uhame mji.”

“Kosa langu ni kutouzuia mguu wako, bwana mkubwa.”

Akachuchumaa, akachora nukta. Mkuu akaifuta. Vasumati akachora nyingine, kubwa zaidi.

“Kisichokuwepo hakiandikwi, mwanamke!”

“Basi mbona unatoka jasho kukifuta?”

Umati ukaangua kicheko. Mguu wa mkuu ukabaki hewani, juu ya ile nukta.

Eti mji huo haumo kwenye ramani yoyote? Haya, kofia hii hapa. Ila mkiondoka, msikanyage nukta.