Sauti Aliyoitaka Mkubwa

Mteja wa kwanza asubuhi hiyo alijifungia stoo.

"We piga tu, kaka," alisema kutoka ndani. "Nikikaa hapo mbele yako nitadanganyika. Lazima niisikie kupitia ukutani."

Nyundo alibaki na gitaa begani, mdomo wazi. Miaka minane ya kuuza magitaa katika duka lile, hajapata kuona mtu anayechagua pedali, kile kidude cha kukanyaga cha kubadili sauti ya gitaa, kwa mtindo huo. Wengine huuliza ile nyekundu ni bei gani, wakaaga. Huyu hakutazama rangi wala hakuuliza bei. Alitaka korasi ya kizamani, ya kuongezea gitaa la muziki wa metali lenye mkwaruzo. Ile inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili yanayokwenda pamoja, moja likichelewa nukta tu.

Huyu ni mtu wa studio, Nyundo alijiambia.

Maana Nyundo, jina alilojibandika mwenyewe kwa ajili ya jukwaa, jukwaa lenyewe alikuwa hajawahi kulipanda. Bendi sita zilishamjaribu. Zote zilimwambia "tutakupigia," na simu yake haikuwa na tatizo lolote. Sasa alikuwa amejiapiza: mwaka ukiisha bila bendi, analiuza gitaa na habari hizo anaachana nazo kabisa. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Akachomeka pedali ya kwanza. Akakaba nyuzi kwa kiganja na kuporomosha ule mdundo mzito wa miaka ya themanini.

"Siyo," ilisema stoo. "Hiyo inayumba kama mlevi."

Akachomeka ya pili.

"Inang'aa mno. Mkubwa hataikubali."

"Mkubwa ndiye nani, dada?"

Mlango wa stoo ulifunguka kidogo. Mwanamke alikuwa na fulana nyeusi yenye doa jeupe begani, na macho mekundu ya mtu ambaye kitanda anakisikia tu kwa watu. Kwa Nyundo, huo ulikuwa ushahidi tosha wa maisha ya bendi.

"Ndiye anayeamua kila kitu pale kwetu," alisema. "Na ana sauti huyo! Akianza kupiga yowe, mtaa mzima unajua. Tangu yule mpiga gitaa wa upande wa pili ahame, wiki tatu sasa, ni mayowe mtindo mmoja. Tumekoma."

"Amehama? Sasa anapiga nani?"

"Mume wangu anajitahidi. Kaazima gitaa, na mkono anao, lakini Mkubwa akisikia kidogo tu anakataa. Yule mwenyewe alikuwa na korasi. Aliniambia siku anapakia vitu kwenye gari. Na mimi kwa ujinga wangu sikuuliza ni ipi."

Nafasi ilikuwa wazi kabisa, inamtazama Nyundo usoni.

"Mkubwa anapenda wimbo gani?"

"Mmoja tu. Ule ule, kila siku, saa saba mchana."

Watu wenye nidhamu hao, Nyundo alijisemea. Mwanamke akauimba kwa kuguna mara tatu, huku mkono wake ukipigapiga paja taratibu, kisha akarudi stoo na kufunga mlango. Nyundo aliunasa wimbo mara ya tatu.

Pedali ya tatu nayo ilikataliwa kabla hajafika popote. Hapo akainama chini ya kaunta, akatoa moja iliyochubuka rangi, ambayo alikuwa akiificha ili asije akaiuza kwa mtu asiyeijua thamani yake. Akaiweka baada ya pedali ya mkwaruzo, si kabla. Kitufe cha kasi akakishusha karibu na mwisho, cha kina akakiacha chini ya nusu. Akapiga.

Kupitia uwazi wa chini ya mlango aliona viatu viwili vikihama kushoto, kulia, kushoto, kulia.

"Hiyo!" Mwanamke alitoka mbio, machozi yakimlengalenga. "Hiyo hiyo, kaka! Usiguse kitu! Mkubwa yuko nje kwenye gari na mama yangu. Nimlete asikie mwenyewe?"

Nyundo alijikaza kisabuni, akasema lililokuwa moyoni.

"Dada, nisikufiche. Nikipiga na akinipenda, mtanichukua?"

Mwanamke alicheka kicheko cha mtu aliyechoka hoi. "Akikupenda, nitakuwa nakuja kukuchukua mwenyewe kila siku. Sasa anza kabla hatujaingia. Akishachemka hasikilizi mtu."

Akatoka. Nyundo akafumba macho, kama alivyozoea akiwa na hofu, na vidole vikaanza kazi. Alipigia bendi zote sita zilizomtosa. Alipigia wiki tano zilizobaki.

Mlango wa duka ukafunguka, na yowe likaingia.

Lilikuwa yowe la juu, kali, lenye kukwaruza, halina haya wala pumziko. Nyundo hakuwahi kusikia mwimbaji wa namna hiyo, hata kwenye kanda. Akaendelea kupiga. Yowe na gitaa vikakabana mstari wa kwanza na wa pili. Wa tatu, yowe likalegea. Wa nne, likakatika.

Amenyamaza anisikilize, Nyundo aliwaza, na furaha ikamjaa mpaka kooni. Akaumaliza wimbo wote, akaiacha noti ya mwisho ife yenyewe, kisha akafumbua macho ili ampe Mkubwa mkono.

Mkubwa alikuwa begani kwa bibi yake, ana miezi saba, kidole mdomoni, amelala fofofo.