Jina la Mkanyaga Sufu

"Simama hapo hapo, mzee. Usinisogelee!" alisema karani wa kodi ya kichwa, kitambaa kikiwa puani.

Hamo alisimama. Alikuwa ametolewa pipani bila kupewa hata nafasi ya kunawa miguu kwenye ndoo, na sasa mkojo uliovunda ulikuwa ukimchuruzika mpaka vidoleni. Kwa miaka arobaini alikuwa akikanyaga sufu ndani ya mkojo huo ili ilainike, kama wakanyagaji wote wa bonde lile la Yorkshire.

"Jina?"

"Hamo."

"Kijiji hiki kina akina Hamo sita. Hamo nani?"

"Hamo Rolfson, bwana. Kwa jina la marehemu baba yangu. Alichunga kondoo, hakuwahi kuingia pipani."

Karani akacheka. "Na wewe unataka jina la baba! Mimi naandika ninachokinusa. Hamo Walker. Mkanyagaji."

Thurstan, mwokaji mikate na shahidi wa kijiji, akainamisha macho. Mwanawe alitaka kumwoa Idonea, binti wa Hamo aliyekuwa amesimama hapo kando, lakini mke wa Thurstan alikwisha kuapa kwamba jina la pipa la mkojo halitaingia nyumbani kwake.

"Likishaandikwa halifutiki, bwana," Hamo akasema. "Nakuomba. Si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya huyu binti."

"Mwite upendavyo, atanuka tu. Una watoto wangapi?"

"Huyu. Na wa kiume, alitoroka miaka kumi na sita iliyopita."

"Basi huyo ndiye aliyekuwa na akili. Waliotoroka hawaandikwi."

Nyuma yao, wakanyagaji wawili wakaanza wimbo wao wa pipani: kushoto, kulia, kushoto. Chini ya meza, viatu vya karani vikawa vinapanda na kushuka. Labda ni baridi. Hamo aliviangalia kwa muda mrefu, na baada ya hapo hakuomba tena.

Kabla ya kuondoka, karani alitakiwa kusoma mbele ya shahidi kila neno aliloandika, mpaka jina lake mwenyewe mwishoni. Alisoma upesi. "Thurstan Baker" alilitamka vizuri. "Hamo Walker" alilitema kama kokwa. Mstari wa mwisho akaumung'unya.

"Hapo sijasikia, bwana karani," alisema Thurstan. "Nitawekaje alama yangu kwa nisichokisikia?"

Karani akakohoa. Akatazama mlangoni.

"Imeandikwa na Piers Rolfson."

Wimbo wa pipani ukakatika.

Hamo akamgeukia binti yake. "Idonea, lete ile ndoo. Kaka yako aliondoka bila kunawa miguu."