Mtani Kaburini

Kaburini alikuwa amelala mtu, na jeneza bado lilikuwa juu, kando ya udongo mbichi.

"Mimi kwanza!" alipiga kelele kutoka chini. "Huyu bibi hashuki humu kabla sijamjaribia kitanda!"

Waombolezaji wa Kidete wakaangua kicheko. Mtani wa marehemu ana ruhusa hiyo: kuwapora wafiwa ndoo, kumwiga maiti, kulala kaburini mpaka apewe kitu. Huyu tangu asubuhi alishafanya yote na ya ziada. Alichota nyama sufuriani kwa mkono. Alimtukana mpishi, papo hapo akamkumbatia. Alivunja kiti, akaomba radhi, akalilalia jeneza akilia mpaka makamasi yakamtoka.

"Mtani kama huyu hatujapata kumwona," alisema jirani, Magreth. "Analia kama wa kwake kabisa! Katokea wapi?"

"Malolo," alijibu Rebeka, binti wa marehemu, bila kuinua macho. "Watani wa ukoo wetu wako huko." Shingo ilikuwa inamwaka kwa aibu. Watu wakadhani ni majonzi.

Rebeka alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Hapo Kidete aliolewa, na mama yake akamfuata uzeeni. Asubuhi ile Kasisi Abeli alimuuliza kama ana ndugu. Akajibu anaye kaka mmoja tu, Amon, ila yuko Mikumi kwa matibabu, hakuruhusiwa kutoka.

Matibabu ya nini, hakusema. Daktari wa kule alishamweleza vizuri: "Dada, huyu si mkorofi, wala hana mapepo. Ni tatizo la haiba, yaani jinsi nafsi yake ilivyo. Sote hasira na hamu zinatupanda, lakini ubongo wa mbele, hapa nyuma ya paji la uso, unashika breki. Wake unachelewa kushika. Anatenda kwanza, aibu inamkuta baadaye, tena kubwa kuliko yako. Na kinachomtisha kuliko vyote ni kuachwa. Msimwache."

Rebeka aliitikia, ndiyo daktari, ndiyo. Hakurudi tena. Na hapo Kidete hakumkaribisha Amon hata Krismasi moja.

"Mpeni kuku atoke!" watu wakadai. Jogoo akaletwa, kafungwa miguu. Aliyekuwa kaburini hakumtazama. Kelele zilimwishia. Alikuwa amelala ubavu, magoti ameyakunja, shavu kalilaza kwenye udongo.

"Mtani, sasa inatosha," Kasisi akasema. "Jua linatuchoma."

Ndipo akatokea mzee mmoja anahema, kofia mkononi.

"Poleni, wafiwa! Natoka Malolo, gari limetufia Mikumi. Mnataka kuzika bila mtani? Nani kawaruhusu, wachoyo wakubwa nyie?"

"Mwenzako ameshatuchosha," Magreth akacheka, akionyesha shimo.

Mzee akachungulia. "Mwenzangu yupi? Watani wa ukoo huu tumebaki mimi na mke wangu, na yeye miguu inamsumbua. Huyu simjui."

Kicheko kikakatika. Nyama ya msiba imeliwa na nani, basi? Jeneza limelaliwa na nani? Kijana mmoja akaokota beleshi.

"Tapeli! Mtoeni!"

"Mama mwenyekiti," Kasisi akamgeukia Rebeka, "si wewe uliyesema ni mtani wenu? Huyu ni nani?"

Rebeka akainua macho. Akina mama wa kanisa lake wote walikuwa wanamtazama. Akajifunika uso kwa khanga.

Mtu yule akainuka kaburini taratibu, akajikung'uta magoti.

"Dada wa watu msimsumbue, nilimdanganya," akasema. "Mimi mpita njia tu, jamani. Nilifuata ubwabwa."

Kofi la kwanza lilimpata kabla hajamaliza kupanda juu. La pili likafuata. Alikunja ngumi, akaikunjua, akateremsha mkono. Wakampisha apite huku wakimzomea.

Alipomfikia Rebeka hakusimama. Aliinamisha kichwa tu, akasema kwa sauti ya chini:

"Mfunike mama vizuri, mdogo wangu."