Nusu Saa ya Mwanakheri

Zamu yake ya kuonyesha mradi ilipofika, Mwanakheri aliunganisha kompyuta na projekta. Alikuwa akisomea biashara, mwaka wa pili, na somo la teknolojia ya habari lilikuwa limemkosesha raha muhula mzima. Mfumo wa kutunza kumbukumbu za dawa za zahanati ukafunguka vizuri ukutani. Bi Sabra, muuguzi mwenye zahanati hiyo, aliyealikwa kuja kuutazama, akatabasamu.

"Vizuri," alisema mhadhiri. "Sasa ufanye mfumo ukatae dawa iliyokwisha muda wake. Una nusu saa."

Mwanakheri akafungua ukurasa wa programu. Hakuelewa hata mstari mmoja.

"Mwalimu, sikuuandika mimi. Niliandikiwa na binamu yangu."

Mhadhiri akavua miwani. "Kwa hiyo nikupe sifuri?"

"Nipe kwanza hiyo nusu saa, tafadhali. Nifute, nianze mwenyewe. Hata nikifikisha ukurasa mmoja tu."

Mhadhiri alitazama saa yake. Bi Sabra akainuka, akavuta kiti hadi ubavuni mwa msichana.

"Mwanangu, mimi kompyuta siijui," alimnong'oneza, "lakini dawa nazijua."

Akatoa mkobani kisanduku cha vidonge, akakiweka kando ya kibodi, upande wenye tarehe ya kwisha muda ukiwa juu.

Mwanakheri akavuta pumzi, akabonyeza kitufe cha kufuta. Ukuta mzima ukawa mweupe.