Kule Asikolala Mtoto

Zamda aliona jambo moja halikai sawa. Mtoto alikuwa amelala upande wa kulia wa tumbo lake, lakini Daktari Mwakio alizidi kukikandamiza kifaa cha ultrasaundi kushoto. Kisha akaigeuza skrini isionekane.

"Mtoto ana nini?"

"Mtoto ni mzima, dada. Moyo unapiga vizuri."

"Basi mbona unatafuta asikokuwepo?"

Daktari alijibu kwa swali. "Umewahi kuona damu chooni?"

Zamda alimkazia macho. Damu ile aliiona tangu mwezi wa mfungo, akajiambia ni bawasiri ya mimba. Hakumwambia mtu, hata mumewe.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Ukuta wa utumbo umenenepa hapa. Huenda si kitu, lakini saratani ya utumbo nayo huanza hivi, na mimba huificha. Itabidi tupime zaidi."

Zamda hakumwamini. Aliwajua watu wanaosema "huenda" ilhali wameshajua. Akanyoosha mkono, akaigeuza skrini mwenyewe, kisha akaushika mkono wa daktari na kuurudisha kushoto.

"Nionyeshe."

Kwenye ukungu wa kijivu wa skrini, kisigino kidogo cha mtoto kilijitokeza kutoka kulia, kikasogea taratibu kuelekea pale ukuta wa utumbo uliponenepa.